Tairi za Ubavu Mweupe kwa Chevrolet Bel Air: Anza na Mwaka wa Gari

Mtu anayetafuta tairi za ubavu mweupe kwa ajili ya gari la zamani kwa kawaida huanza kuuliza bei, kisha huchagua zile zenye mkanda mweupe mpana kuliko zote kwa sababu ndizo zinazopendeza pichani. Kazi yangu ni kurejesha magari haya katika hali yake ya awali, na ninasisitiza kwamba swali la kwanza liwe mwaka ambao gari lilitengenezwa. Upana wa mkanda huo ulibadilika kadiri miaka ilivyopita, na usipolingana na gari, gari zima huonekana limevaa viatu vya kuazima, hata kama rangi na kromu zimerudishwa kwa ustadi mkubwa.

Chukua Chevrolet Bel Air za 1955 hadi 1957, ambazo wengi huziona kama gari moja. Za 1955 na 1956 zilitumia rimu za inchi 15 na tairi za saizi 6.70-15 (upana wa inchi 6.70 kwa rimu ya inchi 15), na mkanda unaozifaa ni wa inchi 2 na 11/16, sawa na milimita 68 hivi. Mwaka 1957 Chevrolet ilihamia rimu za inchi 14 na tairi za 7.50-14, na mkanda unaofaa hapo ni wa inchi 2 na robo, takribani milimita 57. Milimita 11 zinaonekana chache kwenye karatasi, lakini ukisimama hatua tano kutoka kwenye gari utaziona mara moja: Bel Air ya 1957 ina mistari mirefu inayolivuta jicho kuelekea kwenye mapezi ya nyuma, na mkanda mpana kupita kiasi hulirudisha jicho chini kwenye magurudumu.

Weupe huo haukuanza kama pambo. Mpira wa asili una rangi hafifu, na viwanda vya mwanzo viliuchanganya na oksidi ya zinki, hivyo tairi nzima ikawa nyeupe. Ilipobainika kwamba kaboni nyeusi huuongezea mpira uwezo wa kuhimili msuguano, iliwekwa katika sehemu inayokanyaga barabara, na ubavu ukabaki mweupe. Baadaye tairi nyeusi tupu ikawa ya kawaida na weupe ukageuka kuwa kitu cha kulipiwa zaidi. Mwaka 1934 Ford iliuza seti nzima kwa nyongeza ya dola 11.25. Kisha mwaka 1957 Cadillac Eldorado Brougham ilitoka na mkanda wa inchi 1 tu, na kufikia 1962 mikanda mipana ilikuwa imekwisha kutoweka kwenye magari mapya ya Marekani. Ndiyo maana mkanda mwembamba, ambao ni sahihi kabisa kwa gari la 1963, haulifai gari la 1955.

Upana ukishajulikana, uamuzi mzito zaidi ni muundo wa tairi yenyewe. Bel Air ilitoka kiwandani na tairi ambazo nyuzi zake hupita mshazari, tabaka moja likikatiza jingine, ilhali katika tairi za radiali nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na mikanda ya kuimarisha hulala chini ya sehemu inayokanyaga barabara. Tairi ya mshazari ina umbo halisi la enzi yake, na majaji wa maonyesho hulitambua, lakini hufuata kila mfereji wa barabara, na gari likilala usiku kucha tairi hubonyea pale ilipogusa sakafu, ukaanza safari ukiwa unatikisika hadi zipate joto. Kwa gari litakaloendeshwa kweli, kwenda harusini au safari ya mkoa hadi mkoa, mimi huchagua radiali za 205/75R15 badala ya 6.70-15 bila kusita. Zinashika barabara vizuri zaidi kwenye mvua, na breki zilizobuniwa miaka ya hamsini zinauhitaji sana msaada huo. Usichanganye aina hizo mbili kwenye gari moja, kwa kuwa hujibu usukani kwa namna tofauti na gari linaweza kukuponyoka kwenye kona. Kagua pia rimu: zile za zamani zilizoungwa kwa ribiti huvujisha upepo, na zinahitaji tyubu iliyotengenezwa kwa ajili ya radiali.

Weupe wa kweli hujengwa ndani ya tairi. Tabaka la mpira mweupe hufunikwa na ngozi nyembamba nyeusi, ambayo kiwanda huisaga baada ya tairi kuokwa. Ukiinama na kuangalia kwa karibu, mara nyingi utaona mistari midogo ya duara iliyoachwa na jiwe la kusagia. Pete nyeupe zinazobanwa kati ya tairi na rimu ninazikataa kabisa, kwa sababu zikienda kasi hupigapiga ubavu, mchanga huingia nyuma yake, na ubavu huchubuka mahali ambapo huwezi kupaona.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za nambari ya DOT (msimbo wa Idara ya Uchukuzi ya Marekani) kwenye ubavu. Ukiona 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa ghalani miaka minane imezeeka hata kama haijawahi kugusa lami.

Tairi zitafika zikiwa na rangi ya bluu juu ya weupe, ambayo huulinda dhidi ya uchafu na madoa ya mpira mweusi wakati wa usafirishaji. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini kabla ya kuendesha. Baadaye epuka dawa za kung'arisha tairi zenye mafuta ya petroli, kwani huugeuza mkanda kuwa wa kahawia, na jiki nayo hukausha mpira. Doa sugu huondolewa kwa msasa laini sana wa maji, ukisugua kufuata duara la tairi.