Je, wajua kwa nini mikoko haikai rafu moja maktabani?

Mwanafunzi wa Gredi ya 8 kisiwani Lamu amepewa kazi: aandike kurasa nne kuhusu mikoko. Anaingia maktaba ya shule, anakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya sayansi, anapata kitabu kimoja cha mimea chenye aya mbili juu ya mikoko. Anazinakili, kisha anatoka akiamini kwamba maktaba yao haina kitu. Kumbe mle mle chumbani mikoko imetapakaa kwenye rafu tano au sita, na yeye amefika moja tu. Kwa nini basi vitabu vya jambo moja visikae pamoja, mtu akavikuta vyote kwa mara moja?

Jibu lina umri wa karibu miaka 150. Mwaka 1876 kijana wa Kimarekani, Melvil Dewey, aliyekuwa akifanya kazi katika maktaba ya chuo cha Amherst, alichapisha kijitabu cha kurasa 44 chenye mpango mpya wa kupanga vitabu. Kabla yake, maktaba nyingi ziliipa namba rafu. Kitabu kilikuwa cha kabati la tatu, ubao wa pili, cha saba kutoka kushoto, na hapo ndipo kwao. Ubao ukijaa, kitabu kipya cha elimu ile ile hupelekwa kwingine, mbali na wenzake. Dewey aliipa namba elimu iliyomo ndani ya kitabu. Makabati yakihamishwa namba haibadiliki, na kitabu kipya kikija hujipenyeza katikati ya vile vinavyofanana nacho.

Aligawa elimu yote mafungu kumi, kuanzia 000 ya kamusi elezo na marejeo ya jumla hadi 900 ya historia na jiografia. Katikati yake kuna falsafa 100, dini 200, sayansi za jamii 300, lugha 400, sayansi asilia 500, ufundi na tiba 600, sanaa 700 na fasihi 800. Angalia lakini kwamba hayo ni mafungu ya taaluma, yaani namna watu wanavyokichunguza kitu. Mkoko ni kitu kimoja, ila wanaouchunguza ni wengi, na kila mmoja ana rafu yake.

Tumfuate basi yule mwanafunzi, safari hii bila haraka. Namba 577 ni ya ekolojia. Hapo atasoma jinsi samaki na kaa wanavyokulia kwenye mizizi ya mikoko, na kama shule ina ripoti za misitu ya pwani atakuta kwamba Kenya ina aina tisa za mikoko na kwamba takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya nchi iko Kaunti ya Lamu. Namba 583, kwa wataalamu wa mimea, kuna mchu unaotoa chumvi kupitia majani yake, na mkoko ambao mbegu yake huchipua ingali juu ya mti. Namba 634, kwa watu wa misitu, anasoma upandaji na uvunaji. Namba 623 ni ya vyombo vya baharini, na mlilana, aina nyingine ya mkoko, umo humo, kwa sababu mafundi wanautumia kwa mataruma, yaani mbavu za ndani, ya mashua na majahazi.

Akifika 720, kwenye ujenzi, atapata jambo ambalo amelala chini yake miaka yote bila kulijua. Vyumba vya nyumba kongwe za mawe za mji wa Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu ambao boriti inaweza kuuhimili. Mti umeamua umbo la nyumba! Halafu kuna 382, biashara ya nchi na nchi, yenye habari za majahazi yaliyopakia boriti kwenda Uarabuni na Ghuba kwa upepo wa kusi, biashara ya karne nyingi ambayo serikali ya Kenya iliisimamisha kwa kupiga marufuku usafirishaji nje mwaka 1982. Na 967, historia ya upande wetu wa Afrika, huenda ikamweleza ni nani waliokata na ni nani waliotajirika.

Zile kurasa nne sasa hazimtoshi.

Atajuaje kwamba azunguke rafu zote hizo? Katalogi, yaani orodha ya vitabu vya maktaba, ndiyo inayokusanya kile ambacho rafu zimekitawanya. Dewey mwenyewe aliona hatari ya mpango wake, akaweka fahirisi ndefu mwishoni mwa kile kijitabu, ili mtu atafute jina la kitu na kuonyeshwa kila mahali kinapotajwa. Shule isiyo na kompyuta inaweza kufanya kazi hiyo kwa kadi au kwa daftari kubwa lenye herufi pembeni: chini ya M, "mikoko", halafu namba zote zinazohusika. Ni kazi ya wiki kadhaa kwa mkutubi na wanafunzi wachache wenye mwandiko mzuri, na kwa maoni yangu inawafaa watoto kuliko kununua katoni nyingine ya vitabu ambavyo hakuna atakayeviona.

Kuna kizingiti kidogo kinachowaangusha wengi. Kitabu chenye namba 577.698, ambayo ndiyo hasa ya vinamasi vya mikoko, hukaa kabla ya 577.7 ya ekolojia ya bahari. Mwanafunzi akiisoma ile ya kwanza kama "mia sita tisini na nane" ataitafuta mbali mbele, asiione, aseme imeibwa. Hizi ni desimali, zisomwe tarakimu moja moja: sita ni ndogo kuliko saba, basi. Mwalimu wa hisabati angeweza kufundisha somo zima la desimali akiwa amesimama mbele ya rafu.

Mpango huu una kasoro, na haifai kuwaficha watoto. Ulitungwa Marekani ya karne ya 19, na unaonekana hivyo. Ukristo ulipewa namba kuanzia 220 hadi 289, ilhali Uislamu wote umewekwa ndani ya 297. Katika mji wa misikiti kama Lamu, rafu hiyo moja hubeba mzigo ambao haikutengewa, ndipo wakutubi wanaporefusha namba kwa desimali, kwa mfano 297.122 kwa Qurani. Kiingereza kina 420 hadi 429 peke yake. Kiswahili kimebanwa ndani ya 496 pamoja na lugha nyingine chungu nzima za Afrika. Mwanafunzi anayelijua hili anaelewa kwamba hata orodha ina mtazamo wa aliyeiandika, na huo ni mwanzo mzuri wa utafiti.

Lakini namba na katalogi hazimtoshi mtoto bila mtu. Carol Kuhlthau, profesa wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, alianza katika miaka ya 1980 kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari wakifanya kazi za utafiti. Alitambua hatua sita: kupokea kazi, kuchagua mada, kuchunguza, kupata mwelekeo, kukusanya habari, na kuwasilisha. Wengi wetu tungedhani kwamba wasiwasi hupungua kadiri mtu anavyosoma. Yeye alikuta kwamba katika hatua ya tatu huongezeka. Habari zinagongana: kitabu hiki chasema ukataji unaangamiza mikoko, kile chasema watu wamekata kwa karne nyingi na misitu ingalipo. Mtoto anadhani yeye ndiye asiyeelewa, naye anarudi kunakili aya mbili.

Saa hiyo ndipo mkutubi anapohitajika. Mtoto huja na swali pana.

"Mwalimu, kitabu cha mikoko kiko wapi?"

"Wataka kujua nini juu ya mikoko, mwanangu? Inavyomea, au watu wanavyoitumia?"

"Babu yangu alikuwa mkataji. Nataka kujua kwa nini waliacha."

Sasa kuna swali la kutafutia jibu, na mkutubi anajua kwamba halipo 583. Ampeleke 382, kisha 967. Vitabu vya shule visipotosha, kuna maktaba iliyomo ndani ya Ngome ya Lamu, jengo lililokamilika mwaka 1821, likawa jela hadi 1984, na leo ni makumbusho. Amfundishe pia kuandika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa palepale anaposoma, kwa kuwa ukurasa usioandikwa leo kesho hautapatikana.

Ndiyo maana inauma kuona chumba kinachoitwa maktaba kikiwa kimefungwa kufuli, kimejaa vitabu vya kiada vya kugawa kila mwanzo wa muhula. Hiyo ni stoo. Mtoto hajifunzi kutafuta kwa kupewa kitabu mkononi, wala hajifunzi kupenda kusoma mahali asiporuhusiwa kuchomoa hadithi, akaionja kurasa mbili, akairudisha na kuchukua nyingine.

Tena kuna rafu moja ambayo hakuna duka litakalotuuzia. Majina ya miti yenyewe, mkandaa, muia, mkomafi, msikundazi, na habari za ni upi ufaao kwa nguzo, upi kwa fito na upi kwa pau, wakataji wazee wanayajua kuliko kitabu chochote kitakachoagizwa kutoka Nairobi. Yule mwanafunzi amuulize babu yake, aandike, na nakala ya kazi yake ibaki maktabani ndani ya faili ya habari za mahali. Iandikwe jina la aliyehojiwa kwa ridhaa yake, kijiji, tarehe na mada, kisha iingizwe kwenye daftari la katalogi chini ya M, pamoja na zile namba nyingine.