Shemeji yuko Lewiston, si New York: dhana potofu kuhusu wahamiaji na miji midogo

Ukisema una shemeji Marekani, watu huulizia New York. Ukitaja Lewiston, mji wa watu 37,000 hivi katika baridi ya jimbo la Maine, wanakuonea huruma.

Dhana: Serikali ndiyo huwatupa wahamiaji huko.
Nusu yake ni kweli. Mkimbizi anapofika, shirika linalompokea ndilo humpangia mji, na hutazama kwanza kama ana ndugu hapo. Lakini hafungwi kubaki. Wasomali walioanza kuingia Lewiston mwaka 2001 wengi walikuwa wameshapangiwa Clarkston, nje kidogo ya Atlanta. Walitaka mahali patulivu pa kulelea watoto, penye shule wanazoziamini. Portland, mji mkubwa wa Maine, ulikuwa umeishiwa nyumba za bei nafuu. Lewiston viwanda vya nguo vilikuwa vimekufa, fleti zimebaki tupu, kodi chini. Wa kwanza wakapiga simu, na jamaa wakafuata. Baadaye wakaja Wasomali Wabantu, jamii ya wachache ya Somalia, kutoka kambi za Dadaab na Kakuma nchini Kenya, baadhi yao wakijua Kiswahili.

Dhana: Wanafuata posho ya serikali.
Msaada ulikuwepo, na ulisaidia wengi kuanza. Mwaka 2002 meya aliwaandikia wazee wa Kisomali barua ya wazi akiomba ujio upunguzwe, akisema mji umelemewa. Ila mtu hahami na watoto sita kwa sababu ya posho peke yake. Anataka nyumba ya kuwatosha na jirani wa kumwachia mtoto akienda kazini. Cha ajabu, wenyeji wengi wa Lewiston ni wajukuu wa Wakanada wa Quebec waliofuata kazi kwenye viwanda hivyohivyo.

Dhana: Mji mdogo hauna kazi.
Waulize walioko Garden City, Kansas, au Fort Morgan, Colorado. Viwanda vya nyama viliondoka miji kama Chicago kufuata ng'ombe waliko. Kazi ni ya kisu na ubaridi, inaumiza mikono, lakini haidai Kiingereza kingi wala cheti.

Dhana: Basi miji mikubwa imeachwa.
Hapana. Wahamiaji wengi wa Marekani bado wamo humo. Jamii kubwa kabisa ya Wasomali iko Minneapolis na viunga vyake, na anayetaka kufungua duka la nguo au ofisi ya hawala (ya kutuma pesa) atazitafuta barabara zenye wateja wa kutosha.