Je, wajua? Mtani wako huenda alipigana na babu yako

Msibani Kihesa, Iringa, jeneza lilipotaka kutolewa, mama mmoja wa Kingoni alijilaza mlangoni. "Hatoki mtu! Huyu Mhehe ana deni langu, amekufa makusudi." Wafiwa, macho bado mekundu, wakaanza kucheka. Akapewa elfu mbili, akaikataa. Akataka tano. Alipoipata akainuka, akalia kuliko wenye msiba.

Mimi, mgeni kutoka Mbeya, nilijieleza upesi: watu wanaotaniana hivi lazima ni ndugu wa kale ambao hawajawahi kugombana. Nikaenda nikilisema hilo kwa miaka, kwa kujiamini kabisa, hata mbele ya wazee, ambao kwa adabu walininyamazia. Kumbe ni kinyume. Wahehe na Wangoni ni watani kwa sababu walipigana.

Historia kwa ufupi: Wangoni walitoka Afrika Kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, na baadhi yao wakaishia Songea. Kuelekea mwaka 1880 wakapambana vikali na Wahehe. Hakuna aliyemtawala mwenzake. Vita viliisha kwa sare.

Sare ndiyo siri yenyewe. Fikiria Simba na Yanga, ambao magazeti huwaita watani wa jadi. Wa Yanga humcheka wa Simba, naye hucheka, kwa kuwa kila mmoja ameshafungwa na mwenzake na anajua zamu yake itarudi. Sasa chukua timu ya mtaani inayofungwa kila mwaka. Ukiikejeli hiyo, hutanii, unaonea. Ndivyo ilivyo hapa: Mngoni akisema "tuliwachapa", Mhehe ana jibu la uzito uleule, "nanyi mlikimbia". Tusi linarudi lilikotoka, na hakuna anayebaki na deni la aibu. Ongeza mateka waliooleka huko huko, watoto wakawa na wajomba upande wa pili wa mkuki.

Na adui alifunza. Mkuki mfupi wa kuchomea karibu na mpangilio wa vikosi, mbinu ambazo Wangoni walikuja nazo kutoka kusini, zilipokewa na Wasangu, majirani wa Wahehe, kisha Wahehe wenyewe. Agosti 1891, pale Lugalo, watu wa Mkwawa, mtemi wa Wahehe, waliangamiza kikosi cha Mjerumani Emil von Zelewski.

Lakini tusivuke mpaka. Mengi kuhusu chanzo cha utani ni simulizi za wazee, na si kila vita vimezaa watani. Wahehe walimfukuza Merere, mtemi wa Wasangu, hadi upande wa Mbeya. Wasangu walirudi kwao baada ya kushirikiana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa. Hapo sare haikuwepo, na sidhani kama mtu alikuwa na hamu ya mzaha. Tena kuna utani usiohusu vita kabisa: Wanyamwezi waliupata kwa kubeba mizigo ya misafara hadi pwani, wakilala na kula kwa watu wasiowajua.

Elfu tano ya yule mama, niliambiwa baadaye, ilinunua sukari ya chai ya msibani.