Mzee yuko kwake lakini anataka kwenda nyumbani: maswali ya wanaouguza mume ama mke

Haya maswali nayapata kliniki hapa Kisumu karibu kila wiki, sana sana kutoka kwa akina mama wanaouguza waume zao. Wazee wanaouguza wake zao huuliza kwa sauti ya chini lakini ni yale yale.

Dimenshia ni nini hasa?
Ni ugonjwa wa ubongo, unakula kumbukumbu na akili polepole, ni mambo ya miezi na miaka. Si uzee, si laana, si uchawi. Alzheimer ndiyo inaonekana zaidi, halafu kuna ile ya stroki na presha. Haina dawa ya kuponya. Shika hilo neno "polepole".

Kila jioni anavaa kofia anachukua bakora anasema "nataka nyumbani", na nyumba aliijenga mwenyewe. Nimjibu nini?
Usibishane naye. Ukisema "si hapa ndio nyumbani, huoni?" anakuona wewe ndio unamzuia na hasira inapanda. Mara nyingi nyumbani anakotaka ni kwa mamake, kwa utoto wake, ama ni hofu tu imemshika na hana njia ingine ya kuisema. Kuna familia hukodi gari mpaka Siaya, wanafika kwa boma lenyewe, mzee anakunywa uji halafu anauliza tunatoka saa ngapi kwenda nyumbani. Kwa hivyo muulize, huko kuna nani? Ng'ombe wenu waliitwaje? Mwache aongee, tembea naye kidogo uwanjani, halafu "mzee, tunywe chai kwanza". Angalia kama amebanwa na haja, ana njaa, ama kuna mahali panauma. Na washa taa mapema kabla giza liingie, vivuli vya jioni vinawatisha sana, stima ikipotea uwe na taa ya sola karibu.

Wa kemisti alinipa Piriton ili alale. Ni sawa?
Hapana. Piriton ni dawa ya mzio (aleji), inamchanganya zaidi, inafunga choo na mkojo, anaamka usiku anayumba, anaanguka, nyonga inavunjika. Vidonge vya usingizi vya jirani pia wachana navyo. Na tafadhali, kumfungia na kufuli ukienda soko acha, moto ukishika atatoka wapi? Afadhali majirani na boda wa stejini wajue ni mgonjwa, namba yako iwe ndani ya shati lake, maana mzee akipatikana usiku kwa boma la mtu huku kwetu ataitwa mchawi na apigwe.

Tangu juzi anaona watu ukutani, analala mchana kutwa, hata mimi hanijui. Si dimenshia imefika mwisho?
HAPANA. Dimenshia kwa kawaida haibadiliki hivi kwa siku mbili. Akibadilika ghafla kuna ugonjwa mwingine: malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, maji yamepungua mwilini, sukari imeshuka, dawa mpya, ama alianguka wiki kadhaa zilizopita na damu inavuja polepole ndani ya kichwa. Mengi ya hayo yanatibika. Mlete leo.

Lakini hana joto, si tungoje Jumatatu?
Usingoje. Mwili wa mzee unaweza kuwa na maambukizi makali na usipate joto hata kidogo. Tunaletewa watu siku ya tano, midomo imekauka, familia inasema "tulidhani ni ule ugonjwa wake". Ghafla ni hospitali, leo, hata kama ni usiku.

Nikifika niseme nini?
Usiseme "ana dimenshia" ukanyamaza, kwa sababu hata sisi wahudumu tunaweza kukurudisha nyumbani na hilo neno. Sema "mpaka Jumanne alikuwa anakula mwenyewe na kunijua, sasa hawezi". Beba dawa zake zote kwa mfuko, hata za miti shamba. Na aje na mtu anayekaa naye kila siku, si kijana aliyefika jana kutoka Nairobi.