Eti safari ya mbugani ni kiangazi tu? Sio kweli jamani

Hapa Kigoma kila mgeni akiulizia kwenda Gombe, hifadhi yetu ya sokwe, anaambiwa njoo mwezi wa saba mpaka wa kumi, mvua zikianza usijisumbue, na watu wameshaamini hivyo. Mimi nakataa kabisa.

Inategemea unafuata mnyama gani na uko wapi. Ukitaka kuona viboko wamesongamana kwenye tope kule Katavi basi ndio, nenda kiangazi, tena masika barabara za kule hazipitiki. Ila nyumbu wa Serengeti wanazaa mwezi wa pili hivi, kusini kule, nyasi zikiwa mbichi, sasa ukisubiri wa nane umeshakosa vindama.

Rudi kwetu Gombe, hawa sokwe ambao mtafiti Jane Goodall alikuja kuwachunguza mwaka 1960. Kipindi cha mvua huwa hawatembei mbali sana kwahiyo kuwapata kunaweza kuwa rahisi zaidi kuliko kiangazi, na mvua kubwa ikipiga dume anaweza kusimamisha manyoya, akakimbia mteremkoni anaburuza tawi, yaani unabaki mdomo wazi. Ukweli niseme, njia inateleza, unapanda umeshika mizizi, na picha zinatoka na giza giza. Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe, ni kinyume, kule mwezi wa nane mpaka wa kumi ndio sokwe wanashuka karibu na ziwa.

Kwahiyo ukishuka Kibirizi, pale zinapopatikana boti za Gombe, kutafuta boti, sema kwanza unataka kuona nini, mwezi ufuate baadae.