Katheta ya Moyo Kupitia Mkononi: Maswali Kuhusu Mshipa Uliotobolewa

Shida iko moyoni, kwa nini daktari apitie mkononi?
Katheta ni mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, hadi ufike moyoni. Ateri ya upande wa kidole gumba, ile tunayoishika kupima mapigo, iko karibu na ngozi na chini yake kuna mfupa. Ikivuja hubanwa kwa urahisi. Ya kwenye kinena, njia nyingine ya kufikia moyo, imezama ndani, na mtu anaweza kupoteza damu nyingi kabla haijagundulika. Lucien Campeau wa Montreal aliieleza njia ya mkononi mwaka 1989, na leo madaktari wengi huanzia hapo. Nami naiunga mkono, ingawa ina madhara yake.

Ni dhara gani hutokea zaidi?
Ateri hiyo kuziba kwa damu iliyoganda. Mara nyingi mgonjwa hahisi lolote, kwa sababu ipo ateri nyingine upande wa kidole kidogo, na mbili hizo hukutana kiganjani. Wapo wanaosema basi hakuna neno. Sikubaliani nao. Mshipa ulioziba huenda usifae tena kwa katheta nyingine, wala kwa upasuaji wa moyo unaohitaji kipande cha mshipa, wala kwa mgonjwa wa figo atakayehitaji kusafishwa damu. Mwenye ugonjwa wa figo amweleze daktari mapema.

Huziba kwa nini?
Mrija ukiwa mnene kuliko mshipa, ambao upana wake ni kama milimita 2 hadi 3, au heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikiwa haitoshi. Sababu inayosahaulika ni bendi inayofungwa kwenye kifundo cha mkono kubana tundu baada ya mrija kutolewa, ikikazwa mno au kuachwa muda mrefu. Bendi izuie damu isitoke nje, lakini damu iendelee kupita ndani ya mshipa. Vidole vikifa ganzi, vikibadilika rangi au vikiuma sana, mwite muuguzi, usiilegeze mwenyewe.

Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, omba mshipa ukaguliwe. Mapigo peke yake yanaweza kudanganya, kwani damu ya ile ateri ya pili huzunguka kiganjani na kuyaleta hata pale mshipa ulipoziba. Ultrasaundi huonyesha ukweli. Kizibo kikigunduliwa mapema, mara nyingine hufunguka kwa dawa, au kwa wahudumu kuibana ateri ya pili kwa muda ili damu ilazimike kupita kwenye ile iliyoziba.

Mkono ukiuma wakati wa kipimo?
Huenda mshipa umejikaza. Sema papo hapo, usivumilie. Zipo dawa za kuulegeza, na kuvuta mrija kwa nguvu kunaweza kuuchana.

Uvimbe je?
Wekundu au weusi kidogo penye kidonda ni kawaida. Uvimbe unaopanda kuelekea kwenye kiwiko, mkono ukawa mgumu na maumivu yakizidi kila unaponyoosha vidole, ni dharura: damu inayovujia ndani inaweza kubana misuli na neva hadi zikafa. Uvimbe unaodunda, hata ukitokea siku kadhaa baadaye, huenda ni ukuta wa ateri uliobaki wazi. Nao uonwe na daktari mapema.

Damu ikitoka nikiwa nyumbani?
Keti, bana penye tundu kwa kidole kwa nguvu, inua mkono. Usiachie kila mara kuchungulia. Ikimwagika kwa kasi, ita msaada wa dharura mara moja. Ikiwa kidogo lakini haijakoma baada ya dakika 10, nenda hospitali huku ukiendelea kubana.