Kuacha sigara si suala la nia peke yake

Wavutaji wengi huamini kwamba mwenye nia ya kweli huamka asubuhi moja, akatupa pakiti jalalani na kuacha, na kwamba anayejipangia siku na mbinu anatafuta kisingizio cha kuchelewa. Dhana hiyo haizingatii jinsi nikotini, kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, inavyofanya kazi. Kiwango chake katika damu hupungua kwa takriban nusu kila baada ya saa 2, na ubongo ulioizoea huanza kuidai. Hasira, kutotulia na kukosa usingizi hufikia kilele katika siku 3 hivi za mwanzo, kisha hupungua katika wiki 2 hadi 4. Nia, hata ikiwa thabiti, haizuii dalili hizo.

Ndiyo maana mpango wa kuacha unahitajika, nao huanza kwa kujichunguza. Anayevuta kila anapokunywa kahawa barazani jioni ajue kwamba kikombe chenyewe ni kichocheo, hivyo kwa wiki chache anywe chai nyumbani. Anayenunua sigara moja moja kibandani, biashara ambayo sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inaikataza ingawa bado inaendelea, pengine atalazimika kubadili hata njia ya kurudi nyumbani. Hamu yenyewe hudumu dakika chache. Glasi ya maji au matembezi mafupi husaidia kuipitisha.

Kutumia dawa nako si udhaifu: chingamu za nikotini na vibandiko vyake vya kubandika kwenye ngozi, ambavyo hupunguza hamu ya sigara, vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Aliyeteleza akavuta moja aangalie ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani, aliandike hilo katika mpango wake, na aendelee siku hiyohiyo.